Upele Baada ya Piko, Krimu au Dawa: Kipimo cha Plasta Mgongoni

Piko imepakwa Ijumaa kwa ajili ya harusi. Jumapili maua yote yamevimba, yanawasha na kutoa majimaji. Wengi huambiwa ni fangasi, wakanunua tyubu dukani, hali ikazidi. Huenda ni mzio wa mguso: kinga ya mwili imeikataa kemikali iliyogusa ngozi. Upele wake huchelewa siku moja, mbili au zaidi, ndiyo maana lawama huishia kwa dagaa wa jana. Hata mafuta uliyoyatumia miaka mingi yanaweza kukugeuka.

Kipimo chake hakina sindano. Mtaalamu hukubandika mgongoni plasta zenye vijisahani, kila kimoja na kemikali yake: manukato, vihifadhi vya krimu, neomaisini ya dawa za vidonda, na PPD, rangi nyeusi ya nywele inayotiwa kwenye piko. Ukibandikwa Jumatatu, plasta hutolewa Jumatano, baada ya saa 48, na mgongo hukaguliwa tena Alhamisi au Ijumaa. Nauli ya mara tatu inauma, lakini usiache safari ya mwisho. Kuna mizio inayojitokeza siku hiyo tu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo mpimaji hupapasa pia kutafuta uvimbe.

Siku hizo mgongo usilowe. Oga kwa kujifuta na kitambaa, na jembe lipumzike, kwani jasho hubandua plasta.

Krimu za steroidi, zikiwemo zinazotiwa kwenye mkorogo, hufubaza majibu. Taja kila unachopaka. Daktari anataka kukutibu, hajaja kukukamata. Beba makopo na maboksi yake, hata yaliyokwisha.

Anzia zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo, kwa wakazi wa Pwani, utaelekezwa hospitali ya Tumbi, Kibaha, au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, na ikibidi kliniki ya ngozi Muhimbili au kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi. Omba anayekupa rufaa aulize kwanza kama vifaa vya kipimo vipo.

Usijipime piko wala rangi ya nywele nyumbani. Ikithibitika PPD inakudhuru, acha vyote viwili. Hina ya majani matupu huacha rangi ya machungwa au kahawia baada ya saa kadhaa. Inayotoka nyeusi tii kwa dakika chache imetiwa kitu.