Somo la Afya: Kazi ya Mmoja ni Dawa ya Mwenzake

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya mwili na mazoezi yake, na jinsi watu wenye nyumba, watoto na shughuli nyingi wawezavyo kuyapatia nafasi. Twajua wengine watacheka wakisoma neno hili, waseme, "Mazoezi ni ya vijana wa mpira. Sisi tulime, tufundishe, tulee watoto, tuzike wafu, kisha tukimbie barabarani wala hatufukuzwi na mtu?" Twawaomba wavumilie kidogo, maana sisi nasi tulisema hivyo hivyo.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Tulipokuwa vijana tulikwenda kwa miguu kila mahali, mlima kwa bonde. Baadaye tukapata pikipiki kwa ajili ya kazi, tukashukuru sana. Lakini polepole ilituzoeza vibaya. Hata nyumba iliyo mwendo wa robo saa tuliiendea tumeketi. Tukifika twapewa kiti na chai yenye sukari nyingi, kwa kuwa ndiyo heshima ya mgeni. Tukirudi twaketi mezani kuandika. Jioni twaketi tena, simu mkononi.

Siku moja tulimpeleka mtoto zahanati kwa ajili ya homa. Mwuguzi alipokwisha kumtibu, akatushika mkono akatupima sisi pia shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha. Akakunja uso. Damu ilikuwa imepanda, wala hatukuwa na maumivu yo yote. Ndivyo ulivyo ugonjwa huo, haupigi hodi. Mtu aweza kukaa nao miaka mingi asijue, hata siku moja ukampiga moyo au ubongo.

Mwuguzi akauliza, "Baba mchungaji, kwa siku watembea kiasi gani?" Tukajibu kwamba kazi ni nyingi, nafasi hatuna. Akauliza tena, "Na nyumbani kwako maji huchota nani?" Tukanyamaza. Maana mama watoto huamka kabla ya jogoo, huchota maji bondeni mara tatu, hupasua kuni, hulima, hupika, hufua; na jioni mgongo humwuma hata kuinama hawezi. Ndoo yake ni ya lita 20, yaani uzito wake ni kama kilo 20, na njia ni ya kupanda.

Basi tuliona aibu. Katika nyumba moja, mmoja alikuwa akiharibika kwa kuketi, na mwenzake akichakaa kwa kazi. Tulikuwa tukitafuta nafasi ya mazoezi, kumbe mazoezi yenyewe yalikuwa juu ya kichwa cha mwenzetu. Hilo ndilo neno la somo hili: katika nyumba nyingi, kazi inayomchosha mmoja ndiyo dawa anayoikosa mwingine.

Je, kuketi huleta ugonjwa?

Mtu aweza kuuliza kama jambo hili ni la kweli, au ni maneno tu. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza habari za uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa na orofa mbili. Dereva aliketi siku kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Watu hao walifanya kazi katika basi lile lile na katika mji ule ule. Walakini makondakta hawakupatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kama madereva. Na hata ulipowapata, haukuwaua upesi kama ulivyowaua wenzao. Tangu siku zile wataalamu wa nchi nyingi wamelichunguza jambo hili, nao wamekubali kwamba mwili usiotumika hupata magonjwa ya moyo, presha na kisukari kwa urahisi zaidi.

Angalieni sana: yule kondakta hakutoka nyumbani kwenda kufanya mazoezi. Alifanya kazi yake tu, na kazi yake ilikuwa na ngazi ndani yake.

Kipimo chake

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni zake. Mtu mzima yampasa kupata dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kadiri, yaani mwendo ambao mtu aweza kuzungumza, lakini kuimba hawezi. Akifanya jambo la nguvu zaidi, dakika 75 mpaka 150 zatosha. Tena siku mbili au zaidi katika juma afanye jambo la kuitia misuli nguvu. Watoto wa miaka 5 mpaka 17 yawafaa dakika 60 kila siku.

Zamani ilifundishwa kwamba mwendo usiofika dakika 10 mfululizo hauhesabiwi. Katika kanuni za mwaka 2020 sharti hilo limeondolewa. Kila mwendo wahesabiwa, hata ukiwa mfupi. Haba na haba hujaza kibaba.

Jinsi ya kufanya nyumbani

Desturi mpya haisimami peke yake. Yafaa itundikwe juu ya jambo ambalo nyumba hulifanya tayari, kama kanzu itundikwavyo kwenye msumari uliokwisha kupigiliwa. Sisi tulianza hivi. Kisima chetu ni mwendo wa dakika 10 kwenda na 10 kurudi. Siku tano katika juma twachota maji sisi alfajiri: hizo ni dakika 100. Jumamosi twapasua kuni nusu saa: zimekuwa 130. Jumapili twakwenda ibadani kwa miguu pamoja na watoto, robo saa kwenda na robo saa kurudi: zimekuwa 160. Kipimo kimetimia, wala hatukuongeza kazi mpya katika nyumba. Tumehamisha tu kazi iliyokuwapo.

Siku ya kwanza wanawake wa kisimani walitutazama kwa mshangao. Mama mmoja mzee akauliza kwa upole, "Baba, mama watoto ni mgonjwa?" Tukamjibu kwamba mgonjwa ni sisi. Wakacheka, nasi tukacheka. Siku ya tano hakuna aliyeuliza tena. Ndugu, aibu hii ni fupi sana. Kitanda cha hospitali ni kirefu kuliko hiyo.

Kwa mama aliyechoka hatusemi, "Ongeza mazoezi." Yeye anayo tele, anachokosa ni pumziko. Kazi nzito isiyo na pumziko haijengi mwili, bali huuchakaza. Mtu mzima ahitaji kulala saa saba au zaidi, naye ni mtu mzima kama wengine. Lakini mama aketiye siku kutwa dukani au kwenye cherehani, hali yake ni kama yetu, naye ajipatie mwendo.

Walio mjini wasio na kisima wala shamba, wampeleke mtoto shule kwa miguu, washuke kituo kimoja kabla ya kile chao, wapande ngazi za nyumba za orofa. Nanyi waalimu mwendao kuwatazama wagonjwa, pikipiki na iwe kwa safari za mbali.

Watoto nao wasitwikwe mizigo ya watu wazima. Wafanye kazi ndogo zilizo kadiri ya nguvu zao, kisha waachwe wacheze. Kuruka kamba, rede, mpira wa matambara, hayo ndiyo mazoezi yao. Mzazi amwambiaye mtoto aketi kimya na simu ili nyumba itulie, anamfundisha mapema ugonjwa wa baba yake.

Juu ya chakula twasema machache. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike gramu 5, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Mboga za majani na matunda visikosekane. Na sukari ya mgeni awekewe mezani, ajitilie mwenyewe. Mkitukaribisha sisi, maji safi ni heshima tosha.

Tuanze pamoja

Wazee watakumbuka mwaka 1973, wakati wa mafundisho ya Mtu ni Afya katika Tanzania. Watu walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Walijifunza pamoja, wakatenda pamoja. Hali kadhalika nyumba ikikaa pamoja jioni moja na kuzigawanya kazi upya, desturi itadumu kuliko baba akijiapia peke yake usiku.

Lakini tusiwe wajinga. Mwenye presha au kisukari asiache dawa kwa sababu ameanza kutembea. Aliye mgonjwa, au mama mja mzito, aulize kwanza zahanati. Anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu apumzike na kutafuta tabibu upesi. Sisi wenyewe bado twameza dawa. Damu imeshuka kiasi baada ya miezi sita, wala mwuguzi hakunji uso tena. Na mama watoto asema mgongo wake umepata nafuu. Hatujui ni lipi kati ya hayo mawili linalotufurahisha zaidi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

1. Katika nyumba yetu, ni nani aketiye kuliko wote, na ni nani achokaye kuliko wote?

2. Ni kazi gani moja iwezayo kutoka kwa huyu kwenda kwa yule tangu kesho?

3. Tuhesabu dakika zetu za juma lililopita. Je, zimefika 150?

4. Ni lini kila mtu mzima wa nyumba hii alipimwa damu kwa mara ya mwisho?