Wako, Waqo au Waaqoo? Tahajia ya Majina ya Kiborana katika Cheti cha Kuzaliwa: Mfano wa Kiamaiko, Nairobi

1.0 Utangulizi

Jina la mtu ni neno la lugha kama maneno mengine, lakini lina sifa moja ambayo maneno mengine hayana: tahajia yake hulindwa na sheria. Mwandishi akikosea kuendeleza neno gazetini, msomaji atatabasamu na kusahau. Jina la mtoto likiandikwa ovyo katika cheti cha kuzaliwa, kosa hilo litamfuata shuleni, katika chumba cha mtihani, katika kitambulisho na hata siku ya kugawa urithi. Makala hii inanuia kuchunguza namna mzazi Mborana anayeishi Kiamaiko anavyoweza kuamua tahajia ya jina la mwanawe, na kupendekeza msingi wa uamuzi huo.

Kiamaiko ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Mathare, upande wa mashariki wa Nairobi, jirani na Huruma. Mtaa huu unajulikana mjini kote kwa soko lake la mbuzi na machinjio yake. Mifugo hiyo hutoka Isiolo, Marsabit, Moyale na kwingineko kaskazini, na pamoja nayo wamekuja Waborana, Wagabra na Waburji, ambao leo wana watoto waliozaliwa na kulelewa mjini. Jina la Kiborana likiandikwa hapa husomwa na makundi matatu: jamaa wanaolijua kwa kulisikia; majirani, walimu na makarani wanaolisoma kwa kanuni za Kiswahili na Kiingereza; na Waoromo wenye asili ya Ethiopia, wengi wao wakiwa katika mtaa wa karibu wa Eastleigh, waliojifunza kusoma kwa kanuni nyingine kabisa. Suala la tahajia, basi, ni suala la kuamua jina linaandikiwa nani.

2.0 Majina na Maana Zake

Kiborana ni lahaja ya Kioromo. Majina yake mengi hueleza wakati au hali ya kuzaliwa. Guyo ni mtoto wa mchana, Galgalo wa jioni, na Halkano wa usiku. Roba huhusishwa na mvua, Godana na kuhamahama, na Jilo na msimu wa sherehe. Waqo hutokana na Waaqa, yaani Mungu. Dhadacha ni mti wa jamii ya mgunga. Katika mila ya Waborana, kumpa jina mwana wa kwanza wa kiume ni tukio lenye sherehe yake maalumu, gubbisa, ambapo jina hutangazwa mbele ya jamaa.

Yafaa izingatiwe kwamba katika sherehe hiyo jina hutamkwa tu; haliandikwi. Waborana hawana jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Mtoto huitwa kwa jina lake, likifuatwa na la baba, kisha la babu. Kwa hiyo karatasi moja ya mtoto hubeba tahajia za vizazi vitatu, na kila kizazi huenda kiliandikiwa na karani tofauti.

3.0 Mapokeo Mawili ya Uandishi

Mapokeo ya kwanza ni ya utawala wa Kenya. Tangu enzi za ukoloni, makarani wa wilaya waliandika majina ya kaskazini kadiri masikio yao yalivyowaruhusu. Sauti ambayo karani hakuwa nayo katika lugha yake aliigeuza ikawa jirani yake wa karibu. Ndiyo sababu tunakuta Wako na Waqo, Huka na Huqa, Kabale na Qabale, Dadacha na Dhadacha, Jilo na Jillo. Hata mji wa Garba Tula katika kaunti ya Isiolo huandikwa pia Garbatulla. Waziri wa fedha wa zamani, Ukur Yatani, ameandikwa magazetini kwa t moja na kwa t mbili.

Mapokeo ya pili ni ya Ethiopia. Biblia ya Kioromo ya mwaka 1899, kazi ya Onesimos Nesib na Aster Ganno, ilichapwa kwa hati ya Kiethiopia. Mwaka 1956 Sheikh Bakri Sapalo alibuni hati maalumu kwa ajili ya lugha hiyo. Hatimaye, mwezi Novemba 1991, alfabeti ya Kilatini iitwayo Qubee ilipitishwa rasmi. Katika Qubee, q ni k inayotamkwa kwa kubana koo. X ni t ya namna hiyo hiyo. C ni ch ya namna hiyo. Na dh ni d ambayo hewa huvutwa ndani kidogo. Vokali ndefu huandikwa mara mbili, na konsonanti nzito vilevile. Tofauti hizi si mapambo, kwani lafa ni 'ardhi' ilhali laafaa ni 'laini'. Badaa ni 'mbaya' ilhali baddaa ni nyanda za juu.

Tukiyalinganisha mapokeo haya, tunapata ngazi tatu za tahajia. Ya kwanza ni ya karani: Wako, Dadacha, Guyo, Roba. Ya tatu ni ya Qubee kamili: Waaqoo, Dhaddacha, Guyyoo, Roobaa. Kati yao ipo ya pili, inayohifadhi konsonanti lakini haionyeshi urefu wala uzito: Waqo, Dhadacha, Guyo, Roba. Mfano ulio wazi ni wa kiongozi wa uasi wa Bale wa miaka ya 1960, aliyefariki jijini Nairobi mwaka 2006. Ameandikwa Wako Gutu, Waqo Gutu na Waaqoo Guutuu, naye ni mtu yule yule.

4.0 Mgongano na Kanuni za Kiswahili

Mwalimu wa darasa la kwanza Kiamaiko atalisoma jina la mtoto kwa kanuni alizozoea. Je, kila ngazi ya tahajia itamwongoza vipi?

Kwanza, urefu wa vokali. Katika Kiswahili vokali mbili zinazofuatana ni silabi mbili, kama katika kaa na saa, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwalimu akikuta Guyyoo atasoma gu-yo-o na kuweka mkazo pasipostahili. Akikuta Roobaa atalipa jina la silabi mbili silabi nne. Qubee, iliyo sahihi kabisa kwa Mworomo, humpotosha msomaji wa Kiswahili.

Pili, herufi q. Kiswahili sanifu hakiitumii, hivyo haina thamani nyingine ya kushindana nayo. Msomaji akikuta Waqo atasema k, na matokeo yatakuwa yale yale kama jina lingeandikwa Wako. Hakuna kilichopotea katika matamshi ya jirani, na Mborana anayesoma amehifadhiwa sauti yake.

Tatu, dh. Hapa ndipo penye ugumu, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kuipa dh kazi nyingine, ile ya dhahabu na dhamana. Dhadacha itasomwa kwa ulimi kati ya meno, sauti ambayo Kiborana hakikuikusudia. Jambo la ajabu ni kwamba d ya Kiswahili cha pwani, sawa na b na g zake, aghalabu hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani. Mswahili akisoma Dadacha kwa d yake ya kawaida hukaribia zaidi sauti ya Kiborana kuliko akisoma Dhadacha. Mzazi hana budi kuchagua: amsaidie jirani kutamka, au amsaidie Mborana kutambua?

Maoni ya makala hii ni kwamba dh ihifadhiwe. Matamshi mabaya hurekebishwa kwa mdomo: mtoto atamwambia mwalimu wake mara moja au mbili, nalo jina litanyooka. Herufi iliyoachwa katika cheti haina wa kuirekebisha. Kizazi kisichokisikia Kiborana nyumbani kila siku hakitajua kwamba iliwahi kuwapo.

5.0 Mafunzo Kutoka Lugha Nyingine

Tatizo hili si la Waborana pekee. Ludwig Krapf aliandika sarufi fupi ya Kioromo mwaka 1840 kabla hajaigeukia lugha yetu, na kamusi yake ya Kiswahili ilipochapwa mwaka 1882 jina la lugha liliendelezwa Suahili. Tahajia tunayoiona leo kuwa ya kawaida ni matunda ya usanifishaji ulioendeshwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Hata hivyo, usanifishaji huo haukuyafuta majina ya watu. Shaaban Robert amebaki na a zake mbili, ingawa wengine wenye jina hilo huandika Shabani. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliziweka alama za Kikuyu juu ya jina lake katika vitabu vyake, wakati Wakikuyu wengi wana vitambulisho visivyo na alama hizo.

Mbali zaidi, nchini Ayalandi, wazazi wanaopenda majina ya kale ya Kigaeli hukabiliwa na swali lile lile. Jina la malkia mmoja wa masimulizi huandikwa Medb katika miswada ya zamani, Meadhbh kwa tahajia ya kabla ya mageuzi ya karne ya 20, Méabh kwa tahajia ya leo, na Maeve kwa Kiingereza. Kwa muda mrefu kompyuta za ofisi zilidondosha alama za vokali, mpaka sheria ya lugha iliporekebishwa mwaka 2021 na kuzipa taasisi za umma wajibu wa kuyaandika majina hayo pamoja na alama zake. Funzo ni kwamba tahajia isiyoingia katika mashine hupotea. Waborana wana bahati hapo: q na dh zipo katika kila kibodi.

6.0 Gharama ya Herufi Moja

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa. Mtoto akizaliwa hospitalini, taarifa ya kuzaliwa hujazwa papo hapo; akizaliwa nyumbani, hupitia kwa naibu wa chifu. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, sura ya 149, inamruhusu mzazi kusajili jina lililobadilishwa ndani ya miaka miwili tangu usajili. Baada ya hapo njia ni ndefu: hati ya kisheria ya kubadili jina, ambayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Kwa Mkenya wa kaskazini, jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa miongo mingi vijana wa jamii za mpakani walipitia ukaguzi wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza kuondolewa kwake. Katika mazingira hayo, kijana aliyeandikwa Waqo Huqa ilhali kitambulisho cha babake kinasema Huka alikuwa amempa afisa swali la bure. Tofauti ambayo mwanaisimu huiona kuwa ya othografia tu, afisa angeweza kuiona kuwa dalili ya mtu mwingine.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uchunguzi huu, tunapendekeza yafuatayo:

(i) Jina la mtoto mwenyewe liandikwe kwa ngazi ya pili: q na dh zihifadhiwe, vokali na konsonanti zisirudufishwe. Kila herufi inayorudiwa ni nafasi nyingine ya kunakiliwa vibaya. Waaqoo inaweza kugeuka Waqoo, Waaqo au Waqo katika karatasi tatu tofauti.

(ii) Herufi c na x za Qubee ziepukwe, kwa kuwa msomaji wa Kenya atazisoma kama s, k au ks. Penye ch na iandikwe ch, na penye x iandikwe t.

(iii) Majina ya baba na babu yanakiliwe jinsi yalivyo katika vitambulisho vyao, hata kama tahajia yake ni ya karani. Mtoto anaweza kuitwa Waqo Dadacha Huka bila aibu. Anayetaka kulisahihisha jina la baba na aanze na hati za baba.

(iv) Mzazi aende hospitalini na jina likiwa limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, badala ya kulitamka tu mbele ya anayejaza fomu, kisha asome kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi.

8.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba hakuna tahajia moja inayowatosheleza wasomaji wote watatu wa Kiamaiko. Qubee humfaa Mworomo na kumpotosha Mswahili; tahajia ya karani humfaa afisa na kufuta sauti za lugha. Tahajia ya katikati hailingani kikamilifu na yoyote kati ya hizo, lakini inahifadhi kile ambacho kikipotea hakirudi, na inaandikika kwa urahisi katika kila ofisi. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao wengi wetu tutakuwa walimu wenye kushika orodha za majina asubuhi, tuna sehemu yetu katika jambo hili: tukikuta q au dh katika jina la mtoto, tusiifute kwa kalamu nyekundu. Tumwulize mwenyewe linavyotamkwa.