Mkono Uliopigwa Risasi: Kwa Nini Kidonda Huachwa Wazi



Mwishoni mwa Januari 2025, risasi na makombora ya vita vya Goma yalipovuka mpaka hadi Rubavu, nilikuwa Rugerero kwa shangazi. Jirani akaniita nimtazame mwanawe, aliyepigwa risasi juu ya kiwiko. Hospitali ilijaa, wakamruhusu, arudi siku ya tano.

"Daktari," akaniambia (mimi ni wa mwaka wa nne tu), "wamemwacha na kidonda wazi, na risasi imo ndani. Mshone wewe."

Nilikataa, akakasirika. Nikamweleza hivi.

Risasi haitoboi tu. Huua nyama kandokando ya njia yake na kuingiza uchafu na vipande vya nguo. Ukishona mapema, unafungia humo vijidudu visivyotaka hewa, na nyama iliyokufa ndiyo chakula chao. Hapo mkono huoza, hukatwa, au mtu hufa. Kwa hiyo mpasuaji hukata nyama mfu, huosha kwa maji mengi, hufunika, na kushona siku ya nne au ya tano kikiwa safi. Risasi yenyewe mara nyingi huachwa, isipokuwa imo kwenye kiungo au inabana mshipa. Kazi hii haidai mashine ya bei kubwa: kisu, dawa ya usingizi, maji safi, penisilini, sindano ya pepopunda, na banzi.

Nikashika kifundo cha mkono: mapigo yapo, vidole vina joto. Nikamwambia ainue kiganja; kikaning'inia. Mshipa wa fahamu unaozunguka mfupa wa juu ulikuwa umeguswa, na karatasi yake haikusema neno. Nilimfunga banzi la kukiinua kiganja. Mara nyingi mshipa huo hurudi wenyewe, baada ya miezi.

Tukasemea na damu. Saad bin Muadh alipigwa mshale kwenye mshipa wa mkono katika vita vya Khandaq, akauguzwa katika hema msikitini. Damu ilikoma, baadaye jeraha likafumuka, akafariki. Kidonda kikioza, mshipa hufumuka hata baada ya siku kadhaa. Ikitokea, nikamwambia mama, kandamiza kwa nguvu. Ikishindikana, funga mkanda mpana vidole vinne juu ya kidonda, kaza hadi damu isimame, andika saa, kimbia hospitali. Zikipita saa mbili, mkono wenyewe uko hatarini.

Siku ya tano walimshona. Nilipoondoka Rugerero, kiganja kilikuwa bado hakijainuka.