Anayekula Nusu ya Sahani

Mzee amewekewa ugali na sato. Anakula vizuri, ananawa, anasema ameshiba. Ukitazama sahani, upande wa kulia umekwisha na wa kushoto haujaguswa. Izungushe sahani, ataendelea kula huku akishangaa chakula kimetoka wapi. Macho yake ni mazima. Kilichoumia ni ubongo.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka ndani ya ubongo, na chanzo kikubwa ni presha isiyotibiwa. Wengi tunakijua kwa mdomo uliopinda na mkono uliolegea. Hili la sahani halijulikani sana. Ubongo wa kulia husimamia umakini wa pande zote mbili. Wa kushoto huangalia zaidi upande wa kulia. Kwa hiyo kiharusi kikipiga ubongo wa kulia, upande wa kushoto hubaki bila mlinzi. Mgonjwa hunyoa ndevu nusu uso, hujigonga mlangoni bega la kushoto, humwitikia aliyekaa kulia tu.

Wapo wanaokana kabisa kwamba wamepooza. Ukimshika mkono na kumuuliza ni wa nani, anajibu: wa mke wangu. Maneno hayo yakisikika kijijini, Shinyanga au Geita, habari ya kurogwa huanza jioni hiyo hiyo, na lawama tunajua humwangukia nani: bibi mwenye macho mekundu, aliyepikia kuni na samadi miaka yote. Bibi hana kosa. Linalosema ni jeraha la ubongo, na wagonjwa wa Japani na Brazili husema vivyo hivyo.

Msimuulize yeye kama anaumwa

Mchimbaji aliyedondoka karibu na duara, yaani shimo la machimbo, atawaambia yuko fiti, apumzike kidogo. Msimwamini. Uso ukipinda ghafla, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika, kumbukeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho na mpelekeni hospitali papo hapo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo si kila hospitali inayo, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Ndiyo maana aspirini msimpe nyumbani. Wala uji, wala maji, hadi apimwe kumeza. Kutoka Geita kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kivuko hakisubiriwi tena: daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 2025.

Watoto nao wamo. Selimundu, iliyo nyingi Kanda ya Ziwa, huwaletea kiharusi wangali wadogo.

Akirudi nyumbani

Msibishane naye kuhusu mkono wake; hadanganyi. Tandikeni kitambaa chekundu ukingo wa kushoto wa sinia, na kabla ya kila tonge mwambieni akitafute kwanza. Mkipiga soga, kaeni kushoto kwake, mkiugusa mkono huo. Lakini maji ya kunywa na fimbo, wiki za mwanzo, viwekeni kulia anakoviona. Jiko lisiwe kushoto kwake: ataungua bila kutambua. Na mnapomnyanyua msimvute mkono uliolegea, bega litateguka.

Wengi hupata nafuu zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, ingawa wengine hubaki na hali hiyo. Pikipiki asiendeshe hadi daktari amruhusu, na penye maduara yasiyofukiwa asipite peke yake, hata akiapa kwamba anaona kila kitu.