Picha Katika Ripoti ya Kikundi: Kubadilisha Jina si Kubadilisha Faili

Somo la safari hii ni la katibu, lakini mwenyekiti na mweka hazina wasiruke ukurasa. Siku hizi wafadhili wengi hawangoji ripoti ya bahasha. Wanataka faili moja ya kompyuta, ndani yake maneno, picha za mradi na risiti, itumwe kwa barua pepe. Na hapo kwa picha ndipo vikundi vingi hukwama.

Kuna kikundi cha akina mama nilichokuwa nikikitembelea, ambacho kilijenga tangi la maji ya mvua. Mjumbe mmoja alipiga picha kwa iPhone aliyoletewa na mwanawe. Katibu alipozipeleka kwa saiba, kompyuta ilikataa kuzifungua. Kijana wa saiba akasema, "Hii ni rahisi, mama," akafuta herufi HEIC mwisho wa jina la faili, akaandika JPG. Ikakataa vile vile. Basi mwenye simu akazituma zote kwa WhatsApp, pamoja na picha moja ya risiti sita zilizopangwa mezani. Zikafunguka, ripoti ikaenda. Baada ya wiki mbili jibu likaja: tangi tunaliona, lakini bei za simiti hazisomeki, tafadhali mtueleze. Mweka hazina hakuwa amekula hata senti. Lakini nyinyi mnajua, kijijini maneno hayangoji ushahidi.

Hebu tuone kilichoharibika. Herufi zilizo baada ya nukta katika jina la faili ni kama maandishi juu ya gunia. Ukiandika "mahindi" juu ya gunia la maharagwe, utapika maharagwe tu. Kugeuza faili ni kazi ya programu: inafungua picha, kisha inaiandika upya kwa aina nyingine. Kwa kompyuta nyingi programu ya Paint inatosha. Fungua picha, nenda "Save as", chagua JPEG au PNG, uipe jina jipya. Ile ya kwanza usiifute. Iweke kwa folda yake, kwa maana siku moja utaihitaji.

Sasa hizo aina. JPG, ambayo kiwango chake kilitolewa 1992, hubana picha kwa kutupa yale ambayo jicho haliyatambui sana. Kwa picha ya watu, shamba au mbuzi inafaa kabisa. Kwa maandishi membamba na nembo ya kikundi, utaona uchafu kando ya herufi ikibanwa sana. PNG, iliyotoka 1996, haitupi kitu, kwa hiyo ni nzuri kwa nembo, mchoro au muhuri, ila picha ya kamera ikiwekwa kwa PNG huwa nzito sana. HEIC ndiyo aina ambayo iPhone nyingi hutumia tangu 2017. Hubana vizuri kuliko JPG, lakini kompyuta nyingi za saiba haziijui. Dawa yake iko ndani ya simu yenyewe: kwa mipangilio ya kamera, mahali pa "Formats", chagua "Most Compatible", na kuanzia hapo simu itapiga JPG. Zile za zamani zitabaki HEIC.

Jambo moja watu hulikosea: kilichotupwa hakirudi. Ukichukua JPG iliyofifia ukaigeuza kuwa PNG, utapata picha ile ile iliyofifia, ila nzito zaidi. Na kila mara unapofungua JPG, ukairekebisha na kuihifadhi tena, inapoteza kidogo tena. Geuza mara moja tu, kutoka kwa ile ya kwanza.

Kwa risiti, piga picha ya kila moja peke yake, karibu, mchana, bila kivuli cha mkono. JPG yatosha ikiwa haijabanwa sana. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha, inapunguzwa. Ukiituma kama "Document", inafika jinsi ilivyo. Kwa kile kikundi cha tangi, hilo pamoja na kutenganisha risiti ndiyo yalikuwa marekebisho yote.

Halafu kuna uzito. Gmail ya kawaida haikuruhusu kutuma viambatisho vya zaidi ya MB 25, na picha moja ya simu yaweza kufika MB 3 au 4. Kuvuta pembe ya picha ndani ya Word ili ionekane ndogo hakupunguzi uzito. Picha nzima bado imo. Picha ya kujaza upana wa karatasi ya A4 yahitaji vidoti kama 1,900 kwa upana, wala si 4,000. Punguza kwa Paint, mahali pa "Resize", kabla ya kuiingiza.

Na hili la mwisho ni zito kuliko barua kurudi. Ukikata sehemu ya picha ndani ya Word, tuseme umemwondoa mtoto mgonjwa ambaye mzazi hakukubali aonekane, sehemu ile imefichwa tu. Anayepokea faili anaweza kuirudisha. Kata kwa Paint, hifadhi kwa jina jipya, ndipo uingize. Au ndani ya Word tumia "Compress Pictures", uhakikishe umechagua kufuta sehemu zilizokatwa.

Zoezi la kikao kijacho: chukueni ripoti yenu ya mwisho, muifungue kwa kompyuta ambayo haikuitengeneza. Mweka hazina asome kwa sauti bei iliyo kwenye kila risiti. Atakaposhindwa kusoma, andikeni namba ya hiyo risiti, na kabla ya giza kuingia ipigwe picha upya.