Mstari Ulionyooka na Uliopinda

Polima ikipashwa joto bila kuungua haigeuki kuwa kitu kingine. Minyororo yake mirefu ya molekuli ni ileile. Kinachopungua ni muda ambao kila mnyororo unahitaji ili ujinasue kutoka kwa wenzake. Tuanzie hapo.

Reometa hupima jambo hilo kwa kuitikisa plastiki iliyoyeyuka kati ya sahani mbili, mara polepole, mara upesi, huku ikirekodi ukinzani wake. Tabu iko kwenye mitikiso ya polepole. Kwa kasi ya radiani 0.001 kwa sekunde, mtikiso mmoja tu huchukua takriban saa 1 na dakika 45. Punguza kasi hiyo mara kumi, na mtikiso mmoja utakula zaidi ya saa 17. Sampuli ikikaa motoni muda wote huo huweza kuharibika kabla hujapata namba yoyote ya maana.

Kwa hiyo hatusubiri, tunapandisha joto. Ikiwa joto linaharakisha miondoko yote ya minyororo kwa kiwango kimoja, mkunjo mzima wa vipimo utahama bila kubadilika umbo. Kwenye mhimili wa logi kuzidisha hugeuka kujumlisha, ndiyo maana mkunjo unasogezwa tu kando, kama ulivyo. Chagua joto moja liwe la rejea, kisha sogeza mikunjo ya joto nyingine hadi ilaliane na huo wa rejea. Umbali uliosogeza ni logi ya kigezo cha usogezaji, aT. Kwenye joto la rejea aT ni 1, na logi yake ni sifuri. Programu hufanya kazi hii kwa sekunde chache, pamoja na usogezaji mdogo wa wima unaotokana na mabadiliko ya msongamano.

Sasa chora logi ya aT dhidi ya 1/T, T ikiwa katika Kelvin. Ukitumia Selsiasi hapa, mchoro hauna maana yoyote. Polithini ngumu, ya madumu na mabomba, hutoa mstari ulionyooka: huo ni mlinganyo wa Arrhenius, na mteremko wake unakupa nishati ya kuamsha, karibu kilojouli 27 kwa moli. (Hakikisha unajua kama programu inatumia logi ya kawaida au ya asili, tofauti ni mara 2.303, na inatosha kuharibu jibu zima.) Ukiishusha polithini hiyo kutoka nyuzi 190 hadi 150, aT inafika kama 2 tu.

Polistaireni hufanya mengine kabisa. Inageuka kioo karibu na nyuzi 100, na juu kidogo ya hapo minyororo yake imebanana kama abiria wa daladala ya jioni: hata mwenye nguvu hasogei mpaka nafasi ipatikane. Joto linapopanda, nafasi hizo zinaongezeka, na mwendo unafunguka kwa kishindo. Mstari wake hupinda. Mwaka 1955 Williams, Landel na Ferry waliuandikia mlinganyo, wenye vigezo vya wastani 17.44 na 51.6 ukianzia kwenye joto la kioo. Ukivitumia hivyo, nyuzi kumi za kwanza, kutoka 100 hadi 110, zinaharakisha mwendo karibu mara 680. Nyuzi kumi kati ya 150 na 160 zinauharakisha mara 6 tu.

Ndiyo maana sipendi kuona mtu akinyoosha mstari kupita vipimo vyake. Programu itakuchorea mlinganyo wowote utakaoubofya, na kwa vipimo vitatu tu vya joto yote miwili itaonekana kupita vizuri.

Kuna jaribio moja la kufanya kabla ya yote. Chora pembe ya ucheleweshaji dhidi ya ukubwa wa moduli. Mchoro huo hauna mhimili wa muda, kwa hiyo hauhitaji kusogezwa kando. Mikunjo ya joto zote inapaswa kulaliana yenyewe, au karibu sana. Isipolaliana, kama inavyotokea kwa michanganyiko mingi ya polima, basi miondoko haiharakishwi kwa kiwango kimoja, na jedwali la aT usilitumie hata kama programu imelitoa likiwa safi.