Udongo wa Mfinyanzi ni Kazi ya Maji

Ndugu mkulima, udongo wa mfinyanzi, yaani kinamo, haukuwa udongo tangu mwanzo. Ulikuwa mwamba. Katika miamba mingi mna madini kama ulanga na feldispa. Maji yakipenya humo kwa muda mrefu, huyeyusha sehemu za madini hayo na kuziondoa. Zinazobaki hujipanga upya kuwa vipande bapa, vyembamba mno: hata 500 vikipangwa mstari mmoja havizidi milimita moja. Pasipo maji, kazi hiyo haifanyiki.

Likoni na Kisauni, karibu na pwani, mashamba mengi yako juu ya mchanga na matumbawe. Mwamba wa Changamwe ni mwingine. Ni tope lililotuama chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita, likagandamana likawa jiwe la matabaka. Humo wataalamu wamepata makombe ya wanyama wa bahari yaliyogeuka mawe. Mwamba huo ukioza kwa mvua hurudi kuwa udongo mzito.

Ushahidi wa namna hii umetafutwa mbali pia. Sayari ya Mirihi leo ni kavu na baridi. Mwaka 2012 Wamarekani waliteremsha huko chombo cha magurudumu, Curiosity, katika shimo kubwa liitwalo Gale. Mwaka 2013 kilitoboa jiwe lililokuwa tope, na yapata sehemu moja kwa tano ya unga wake ilikuwa kinamo. Basi hapo palikuwa na maji, tena si makali wala ya chumvi nyingi; vijidudu vingeweza kuishi. Lakini kinamo hakithibitishi kwamba waliishi. Changamwe tuna makombe, Mirihi hayajaonekana.

Kwako wewe, vipande hivyo bapa ndivyo vishikavyo maji na chakula cha mimea. Kwa hiyo:

1. Lowesha udongo kidogo, uviringishe viganjani. Ukifanya kamba ndefu, kinamo ni kingi. Ukimeguka, mchanga umezidi. Tia samadi au mboji.

2. Usilime kinamo kikiwa chepechepe. Kikikauka huwa kama tofali.

3. Piga matuta kukingama mteremko kabla ya masika.

Maji yalitumia maelfu ya miaka kuufanya udongo huo. Mvua moja kubwa yaweza kuuchukua hadi baharini. Ukiona mifereji inaanza shambani, usingoje. Mwite Bwana Shamba aione.